Bawabu, Mkeshaji na Msimamizi: Uhakiki wa Istilahi za Kuanzisha Huduma katika Seva ya Barua

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi huanza kwa kawaida na majina. Kitu kigeni kikiingia hutafutiwa jina, na jina likipatikana watu huridhika. Vitenzi huachwa nyuma, kwa kudhaniwa kwamba vile tulivyo navyo vinatosha. Ndivyo ilivyokuwa katika uwanja wa kompyuta. Leo tunayo maneno mtandao, tovuti, seva, barua pepe na nywila, na mengi kati yake yamekwisha kukubalika nje ya ofisi za wataalamu. Lakini mfasiri akifika mahali ambapo kitabu cha fundi kinaeleza jinsi huduma inavyoanza kufanya kazi ndani ya seva, hujikuta hana neno ila kuanzisha, au lile linalopendwa na magazeti, kuzindua.

Makala hii inakusudia kuhakiki istilahi hizo pamoja na nyingine chache zinazofuatana nazo. Hoja yetu ni moja: istilahi inayofunika tofauti ambayo mtumiaji wake hana budi kuichagua ni istilahi mbovu, hata kama ni Kiswahili safi. Tumechagua mfano wa seva ya barua kwa sababu barua za ofisi, shule na hospitali nyingi hupitia humo, na kosa la neno katika mwongozo huweza kuishia kuwa barua iliyokataliwa mlangoni.

Jambo linalozungumzwa

Seva ya barua ni kompyuta inayopokea barua pepe kutoka kwa seva nyingine, ikazihifadhi, na kuwapa wenyewe wanapozihitaji. Kila huduma katika kompyuta hiyo ina mlango wenye namba yake. Barua huingia kwa itifaki ya SMTP, iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, kupitia mlango wa 25. Msomaji huchukua barua zake kwa itifaki ya POP3 kupitia mlango wa 110, au kwa itifaki ya IMAP kupitia mlango wa 143. Swali la fundi ni hili: nani asimame mlangoni kumngoja mgeni?

Jibu la kwanza ni kwamba programu yenyewe isimame. Hivyo ndivyo sendmail ya Eric Allman, iliyosambazwa pamoja na mfumo wa BSD tangu mwaka 1983, inavyotumika kwa kawaida. Huwashwa mara moja kompyuta inapoamka, hushika mlango wa 25, na kila mgeni anapobisha hujigawa: nakala moja humhudumia mgeni, na ile ya asili hurudi mlangoni.

Jibu la pili ni la inetd, iliyokuja na BSD 4.3 ya mwaka 1986. Katika siku hizo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo, na ilikuwa hasara kuwa na programu nyingi zinazokesha bure. Inetd hushika milango mingi peke yake, na huiamsha programu inayohusika pale tu mgeni anapobisha. Huduma inayotakiwa mara mbili kwa siku haina sababu ya kukesha.

Kisha yakaja majibu ya kati. Tcpserver ya Daniel Bernstein, mtunzi wa qmail, hukaa kwenye mlango mmoja tu, huita programu kwa kila mgeni, na huhesabu waliomo ndani: isipoambiwa vinginevyo, wageni 40 kwa wakati mmoja, na wanaozidi hungoja zamu. Xinetd ilibaki na milango mingi lakini ikapewa uwezo wa kuhesabu wageni na kuwachagua. Postfix ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka 1998, ilijengewa mlinzi wa mlango ndani yake. Huyu huwaamsha wahudumu, na kila mhudumu hustaafu akishahudumia wageni 100, kama fundi hakubadili kiwango hicho. Nayo systemd, iliyotangazwa mwaka 2010, imelirudisha wazo la inetd kwa sura mpya: mfumo wenyewe hushika mlango kwanza, halafu huikabidhi programu.

Kila njia ina gharama yake. Katika inetd ya BSD ya zamani, huduma ikiitwa mara 40 katika dakika moja, inetd huhisi kwamba kuna kasoro, ikaifunga huduma hiyo kwa dakika 10. Kwa huduma ndogo hiyo ni busara. Kwa seva ya barua ya ofisi kubwa, asubuhi ya siku ya kazi, ni kuzifungia nje barua halali. Kwa bahati njema seva iliyotuma haikati tamaa mara moja. Kanuni za SMTP huitaka ijaribu tena kwa siku kadhaa. Barua haipotei, ila huchelewa, na aliyeingojea hajui kwa nini.

Kitenzi kimoja, matendo manne

Tuje sasa kwenye lugha. Kuzindua, kwa asili yake, ni kumtoa mtu katika usingizi au bumbuazi, na pia kuondoa uganga uliofunga kitu. Matumizi ya leo yamelihamishia neno hili kwenye sherehe: mgeni rasmi hukata utepe na mradi ukawa umezinduliwa. Mtu asomaye kwamba huduma ya barua imezinduliwa hufikiri hotuba na picha. Maana ya zamani ya kuamsha ingefaa sana kwa kazi ya inetd, lakini imekwisha kuzidiwa nguvu na utepe. Hatuoni faida ya kushindana na matumizi yaliyokwisha kuenea.

Kuanzisha ni neno jema zaidi, na katika maelezo ya jumla halina ubaya. Kasoro yake ni upana. Ndani yake yamejificha matendo manne yaliyo mbalimbali:

(a) kuiwasha programu mara moja, kompyuta inapoamka;
(b) kushika mlango na kuusikiliza;
(c) kuiita programu iliyolala, kwa ajili ya mgeni aliyebisha;
(d) kuirudisha kazini programu iliyoanguka.

Tuchukue mifano mitatu ya madhara yanayoweza kutokea.

Tuseme mwongozo umeandika: “Anzisha huduma ya SMTP kwa kuongeza mstari huu katika orodha ya inetd.” Fundi anaongeza mstari, na pamoja nao anaweka masharti ya nani aruhusiwe kuingia. Hajui kwamba sendmail ilikwisha kuwashwa kompyuta ilipoamka na imekwisha kuushika mlango wa 25. Wawili hawawezi kuushika mlango mmoja kwa namna hii. Inetd inakataliwa, na malalamiko yake yanaandikwa katika kumbukumbu za mfumo ambazo hazisomwi na mtu. Barua zinaendelea kuingia, kwa hiyo fundi anaamini kwamba masharti yake yanafanya kazi. Kumbe wageni wote wanapokewa na sendmail, ambayo haiisomi orodha ile hata kidogo. Kama mwongozo ungesema “inetd ishike mlango wa 25, na sendmail iitwe,” fundi angejiuliza kama mlango huo hauna mwenyewe tayari.

Mfano wa pili ni wa foleni. Sendmail inapowashwa kwa amri ya -bd pamoja na -q30m, inapewa kazi mbili: ya kwanza kusimama mlangoni, na ya pili kuifungua foleni ya barua zilizokwama kila baada ya dakika 30 na kujaribu kuzituma tena. Mfasiri akiandika kwamba “sasa sendmail itaanzishwa na inetd,” msomaji huelewa kwamba kazi zote zimehama. La hasha. Inetd huita kwa ajili ya mgeni anayebisha tu, foleni haibishi. Barua mpya zitaingia vizuri, na zile zilizokwama zitakaa pale pale mpaka mtu azikumbuke.

Mfano wa tatu unawahusu watumishi wa serikali wanaoandika masharti ya zabuni. Sentensi kama “huduma za barua ziwe zinaanza zenyewe” inaonekana timamu. Lakini zianze zenyewe lini? Kompyuta inapowashwa? Mgeni anapobisha? Zinapoanguka usiku wa manane? Wazabuni watatu wanaweza kuleta mitambo mitatu tofauti, na kila mmoja akadai kwamba ametimiza sharti. Ofisi ikikosa huduma Jumamosi nzima kwa sababu programu ilianguka na hapakuwa na wa kuirudisha, mkataba hautaisaidia.

Mlango si bandari

Juu ya neno hili hatutasema mengi. Mfasiri atakayeifungua kamusi ya jumla kutafuta maana ya port atakuta bandari. Katika Kiingereza maneno mawili yamegongana kwa sauti: moja linatokana na Kilatini portus, yaani bandari, na jingine porta, yaani lango. Fundi wa mtandao anazungumzia lango. Katika huduma hizi hapana chombo kinachotia nanga. Pana mgeni anayebisha na mtu anayeitika. Kwa kuwa Kiswahili chetu kina hodi na karibu, mfano wa mlango unaeleweka na mwanafunzi wa darasa lolote bila maelezo. Mlango ubaki.

Pepo, shetani au mkeshaji?

Programu inayokaa ikifanya kazi nyuma ya pazia, bila kuamriwa na mtumiaji aliyeketi mbele ya kompyuta, huitwa kwa Kiingereza daemon. Neno hili si la mafundi peke yao. Kila mtu aliyewahi kuandikia anwani isiyokuwapo hurudishiwa barua yake na mtumaji anayejiita MAILER-DAEMON. Karani asiyejua asili ya jina hilo anaweza kudhani kwamba kompyuta imeingiliwa. Mfasiri akiandika shetani ataithibitisha hofu hiyo. Akiandika pepo, atakuwa ametupa “pepo wa barua pepe,” jambo ambalo darasani halitapita bila kicheko.

Historia ya neno inatusaidia. Waliolitumia kwanza katika kompyuta ni kundi la Fernando Corbató katika chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 1963. Hawakumfikiria shetani wa dini. Walimfikiria kiumbe wa kubuni wa mwanafizikia Maxwell, aliyebuniwa mwaka 1867 na kupewa jina hilo baadaye na William Thomson. Kiumbe huyo husimama kwenye kilango kidogo kati ya vyumba viwili vya gesi, akiziruhusu molekuli zenye kasi kupita upande mmoja na zile za polepole upande wa pili. Kazi yake, basi, ni ya mlinzi wa mlango anayechagua nani apite. Na neno la Kigiriki lililo nyuma ya yote hayo lilimaanisha roho iliyo kati ya miungu na watu, si lazima iwe mbaya.

Wako wanaopendekeza tutohoe tu, tuseme dimoni. Hoja yao ina uzito: fundi akilisikia neno atalitambua katika vitabu vya Kiingereza. Lakini utohozi hufaa zaidi pale ambapo kitu kimekuja pamoja na jina lake na hakina mfano katika maisha yetu. Mtu anayekesha akingoja kazi si mgeni kwetu. Tunapendekeza mkeshaji. Ni jina linaloeleza tabia ya programu hizo zote, wala halimtishi mtu.

Hata hivyo mkeshaji ni jina la jinsi. Hapana budi kutaja aina. Mkeshaji ambaye kazi yake ni kushika milango na kuwaita wengine aitwe bawabu. Neno hili lipo katika Kiswahili tangu zamani, na maana yake ni hiyo hiyo: mngoja mlango. Kuna hatari ndogo ya kuchanganya na bawaba, chuma cha kushikia ubao wa mlango, lakini upatanisho wa kisarufi hutofautisha: bawabu huyu, bawaba hii.

Upatanisho huo unazaa swali jingine. Je, programu ipewe viambishi vya mtu? Tunaona inafaa kufuata desturi iliyokwisha kuanza kwa neno mteja, ambalo katika uwanja huu ni programu pia. Istilahi ya kazi ipewe upatanisho wa watu: bawabu anashika, mkeshaji anangoja. Jina la programu yenyewe libaki katika ngeli ya programu: inetd inashika, sendmail inangoja. Mwalimu akiizingatia tofauti hiyo, mwanafunzi atajua lini anazungumziwa mtenda kazi kwa jumla na lini programu fulani.

Neno la kungoja

Katika orodha ya inetd kila huduma ina mstari wake wenye sehemu saba: jina la huduma, aina ya mawasiliano, itifaki, neno la kungoja au kutongoja, jina la mtumiaji ambaye programu itaendeshwa kwa mamlaka yake, mahali programu ilipo, na maneno inayopewa inapoitwa. Sehemu ya nne ndiyo mtego. Huandikwa wait au nowait, na mfasiri mwepesi huandika “ngoja” na “usingoje” bila kujiuliza ni nani anayengoja.

Anayengoja si mgeni. Ni bawabu. Katika hali ya kwanza bawabu hukabidhi mlango wenyewe kwa programu aliyoiita, naye haurudii mpaka programu hiyo imalize. Katika hali ya pili bawabu hubaki na mlango, humpokea kila mgeni yeye mwenyewe, na humpa kila mmoja mhudumu mpya. SMTP na POP3 ni huduma za hali ya pili. Fundi aliyeelekezwa kwamba neno hilo linaamua kama wageni wapange mstari au waingie pamoja, anaweza kuandika wait kwa nia njema ya kupunguza msongamano. Hapo programu ya barua, iliyotazamia kukabidhiwa mgeni, hukabidhiwa mlango mtupu, isijue la kufanya. Ni afadhali kusema “bawabu hukabidhi mlango” na “bawabu hubaki na mlango.” Maelezo haya ni marefu kuliko neno moja, lakini yanasema kweli.

Papo hapo tuwakumbushe wafasiri jambo lililo dogo lakini zito: maneno yanayosomwa na mashine hayatafsiriwi. Wait na nowait hubaki kama yalivyo ndani ya orodha. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake.

Lipo pia suala la kuhesabu. Katika programu ya Exim fundi anaweza kuweka kikomo cha wageni wanaopokewa kwa wakati mmoja. Kikomo hicho huhesabiwa na mkeshaji aliyeko mlangoni. Exim ikiitwa na inetd, kila nakala huzaliwa upya kwa mgeni mmoja, wala haijui nduguze ni wangapi. Kikomo hubaki kimeandikwa na hakifanyi kazi. Mwongozo unaotumia kuanzisha kwa njia zote mbili haumpi msomaji sababu yoyote ya kushuku jambo hilo. Unaotumia kukesha kwa moja na kuitwa kwa nyingine unampa.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe:

Mkeshaji: programu inayokaa ikifanya kazi bila kuamriwa na mtumiaji.

Mkeshaji wa kujitegemea: mkeshaji anayeshika mlango wa huduma yake mwenyewe, kama sendmail katika matumizi yake ya kawaida.

Bawabu: mkeshaji anayeshika mlango na kuita programu nyingine mgeni anapobisha. Ipo tofauti kati ya bawabu wa milango mingi, kama inetd na xinetd, na bawabu wa mlango mmoja, kama tcpserver.

Msimamizi: programu inayoangalia wakeshaji na kumrudisha kazini aliyeanguka, kama supervise iliyotungwa na Bernstein. Tumelikwepa neno mnyapara, ingawa lingefaa kwa maana, kwa sababu bado linabeba kumbukumbu za mashamba na kazi za shuruti.

Kuwasha: kuiendesha programu mara moja mfumo unapoamka.

Kushika mlango: kuumiliki mlango wenye namba fulani na kuusikiliza.

Kuita: kuiendesha programu kwa ajili ya mgeni mmoja.

Kurudisha kazini: kuiendesha tena programu iliyoanguka.

Kuanzisha: libaki kuwa neno la jumla, litumike tu pale ambapo tofauti za hapo juu hazihusiki.

Hitimisho

Itasemwa kwamba mafundi hawa husoma Kiingereza, na kwamba juhudi yote hii ni ya bure. Tunajibu kwamba fundi hafanyi kazi peke yake. Yuko mwalimu anayemfundisha kijana aliyemaliza shule ya sekondari, yuko ofisa anayeandika zabuni, na yuko mkuu wa ofisi anayetaka kuelezwa kwa nini barua ya jana imefika leo. Hao wote hukutana katika Kiswahili. Wakiwa na neno moja kwa matendo manne, watakubaliana mdomoni na kuhitilafiana kazini.

Hatusemi kwamba maneno tuliyoyapendekeza ndiyo ya mwisho. Wako wanaoweza kupata bora kuliko mkeshaji, na bawabu huenda akapata mpinzani. Tunachosisitiza ni utaratibu: kabla ya kuchagua neno, mfasiri na aulize ni uamuzi gani unaomngoja msomaji wake, halafu ahakikishe kwamba istilahi zake zinauacha uamuzi huo uonekane. Walimu wa vyuo vya ufundi wangetusaidia sana kama wangezijaribu istilahi hizi madarasani na kutujulisha ni zipi wanafunzi wamezishika na ni zipi zimewakwaza.